Wizi wa Magari: Hesabu za Mataifa Zisomwapo Kilindini

Kisiwa cha Mombasa hakimpi mwenye gari njia nyingi za kutokea. Aendaye bara upande wa Nairobi aghalabu hupita Makupa. Aendaye Kisauni na Malindi huvuka daraja la Nyali. Naye aendaye Kwale na mpaka wa Tanzania aghalabu hushuka Likoni akapanga foleni ya feri pamoja na malori, mikokoteni na umati wa waendao kwa miguu. Mwizi wa gari, hata awe hodari wa namna gani, hulazimika kuchagua moja katika njia chache kama hizo, maana kwengineko kote ni bahari. Na akijasiri kuingia Mji wa Kale mambo humzidi uzito, kwani vichochoro vya Kibokoni, na vile viteremkavyo kutoka Ndia Kuu hata Bandari ya Kale, vilikatwa kwa kipimo cha hamali na mzigo wake, na gari geni likijipenyeza humo watu wa mabarazani huwa wamekwisha kujua ni la nani na limefuata nini, kabla dereva hajapata pa kuligeuzia. Wazee wetu walipata hata kuona usafiri usioibika kabisa: mwanzoni mwa karne ya 20 wakubwa wa serikali na matajiri walikuwa wakisukumwa na watumishi juu ya vigari vya reli nyembamba, kutoka upande wa Mji wa Kale hadi Kilindini, navyo, kwa kuwa havikuweza kwenda po pote pasipolazwa chuma, yamkini havikumtia mtu tamaa.

Lakini upande wa magharibi wa kisiwa hicho hicho iko bandari ya Kilindini, ambako magari yaliyokwisha kutumiwa ng'ambo hushushwa kwa maelfu, aghalabu ya Japani, ili yaende Nairobi, Kampala, Juba na mashariki ya Kongo. Katika maelfu hayo yamepata kupita magari ya wizi, na safari ya mojawapo imejulikana kituo kwa kituo. Mwaka 2015 shirika la Uingereza lipambanalo na jinai kubwa, NCA, lilieleza habari ya Lexus moja iliyoibwa nchini humo, ambayo ndani yake mlikuwa na kidude kilichofichwa cha kutoa ishara ya mahali ilipo. Ishara hiyo ilionekana Ufaransa, kisha Oman, kisha Mombasa, na mwisho ikatulia Uganda. Na walipofuata nyayo zake huko walikuta si gari moja, bali zaidi ya ishirini ya anasa, mengi yakiwa Range Rover, yaliyotoweka katika mitaa ya Uingereza. Msomaji wa pwani hatakosa kuitambua sehemu ya safari hiyo kutoka Oman hadi Mombasa, maana ndiyo njia ya majahazi ya kaskazi yaliyokuwa yakileta tende na chumvi na kurudi na boriti za mikoko. Ila nahodha wa jahazi alishusha shehena yake Bandari ya Kale hadharani, mbele ya macho ya mji mzima, ilhali gari la wizi hupita ndani ya kontena lenye lakiri, na hati ya shehena yaweza kutaja vitu vingine kabisa. Mwaka 2019 maofisa wa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya walifungua Mombasa makontena yaliyoandikwa kuwa yana vyombo vya nyumbani, wakakuta magari ya fahari yaliyosadikiwa kuibwa Uingereza.

Nimeanza na habari hii kwa sababu inanitia shaka juu ya desturi moja tuliyoizoea, ya kuyapanga mataifa katika jedwali, kila taifa na idadi ya magari yake yaliyoibwa kwa kila watu laki moja, kisha kuhukumu kwa jedwali hilo ni watu gani wenye amana na ni watu gani wasiokuwa nayo. Mazungumzo ya namna hiyo husikika barazani kama yasikikavyo magazetini. Mimi naona kwamba hesabu hizo hupima mambo matatu, yaani ubora wa kufuli, ukaribu wa soko, na uaminifu wa daftari la serikali. Na uchaji wa watu, ambao ndio watu wautafutao humo, hauonekani isipokuwa kwa mbali sana.

Na tuzitazame hesabu zenyewe, maana ziko za kustaajabisha. Nchini Marekani mwaka 1991 yaliibwa magari 1,661,738, yaani takriban 659 kwa kila watu laki moja, na hapo ndipo palipokuwa kilele. Uingereza na Wales, nchi zisizokuwa na sifa ya ujambazi katika fikira za watu wetu, zilikuwa mapema katika miaka ya 1990 zikiandikisha zaidi ya magari 500,000 kwa mwaka, na kwa kuwa watu wake walikuwa kama milioni 51, fungu lao liliishinda hata Marekani: karibu gari moja kwa kila watu mia. Kisha yakatokea mambo ambayo hakuna mhubiri wala mwanasiasa awezaye kudai kuwa ni kazi yake. Hesabu zilianza kushuka huku na huku, mwaka baada ya mwaka, hata ilipofika 2014 Marekani ilikuwa imeteremka chini ya magari 700,000, na Uingereza na Wales zilikuwa zimebakiwa na kama sehemu moja tu katika saba ya wizi wao wa zamani. Japani ilichelewa kidogo, lakini ilianguka zaidi: magari 64,223 mwaka 2003, na magari 5,762 mwaka 2023.

Je, watu wa nchi hizo walitubu? Wataalamu waliolichungua jambo hili, akiwamo Graham Farrell wa Uingereza, walielekeza kidole kwenye kitu kidogo kisichoonekana, nacho ni kile mafundi wakiitacho imobilaiza. Ufunguo hutiwa chembe ya elektroniki katika mpini wake, na injini haikubali kuwaka mpaka kompyuta ya gari iwe imeitambua chembe hiyo. Basi kuvunja kitasa na kuunganisha nyaya, hila iliyowalisha wezi kwa miaka mingi, ikawa haifui dafu. Jambo hili lilikuwa na mtangulizi wake, kwani Ujerumani ya Magharibi ililazimisha kufuli la usukani tangu mwaka 1961, na ikayalazimisha hata magari makuukuu yaliyokwisha kuwa barabarani, na wizi ukapungua. Serikali ya Uingereza nayo ilianza katika miaka ya 1990 kutangaza orodha ya aina za magari yaibwayo mno, na wenye viwanda, ambao hawakupenda majina yao yasomwe hapo, wakashika adabu. Umoja wa Ulaya uliamuru imobilaiza katika magari mapya tangu 1998, Australia ikafuata 2001, na Kanada 2007.

Marekani haikuamuru. Wenye viwanda waliachwa wafanye wapendavyo, na wengi walifanya vema, lakini magari mengi ya Kia na Hyundai yaliyouzwa huko katika muongo wa 2010 hayakutiwa kidude hicho, na ilipofika mwaka 2021 vijana wa mji wa Milwaukee walikuwa wamekwisha kujifunza kuyawasha kwa ncha ya waya wa kuchajia simu. Video zikaenea, na fitina ikahama kutoka mji hadi mji, hata mwaka 2023 hesabu ya nchi nzima ikavuka tena milioni moja. Sasa zingatia kwamba mji wa Detroit umetengwa na mji wa Windsor wa Kanada kwa mto mmoja tu, na kwamba Kia na Hyundai zilizouzwa ng'ambo ile ya mto, za miaka ile ile, zilikuwa na imobilaiza kwa nguvu ya sheria, na wimbi lile halikuvuka. Sidhani kwamba vijana wa Windsor wana dini kuliko wa Detroit.

Walakini Kanada haikusalimika. Ilipatwa na msiba wa namna nyingine. Kufuli lilipokuwa gumu, kijana mchezaji aliyeiba gari ili atembee usiku kucha na kulitupa asubuhi alijitoa sokoni, na mahali pake pakaingia mfanyabiashara. Huyu hana haja ya kuvunja kitu. Gari la kisasa lisilotaka ufunguo kutiwa tunduni husikiliza mawimbi ya ufunguo ulioko karibu, basi wezi wawili, mmoja akisimama karibu na mlango wa nyumba na wa pili akisimama kando ya gari, huyachukua mawimbi ya ufunguo uliolala mezani na kuyapeleka hadi garini, na gari hudhani mwenyewe amekuja. Wengine huingia kwa nyaya zilizo nyuma ya taa ya mbele na kuzungumza na kompyuta ya gari moja kwa moja, na kwa njia hiyo Land Cruiser imekuwa ndiyo kipenzi cha wezi nchini Japani. Huko Kanada magari yaliyoibwa mwaka 2022 yalizidi laki moja, mengi yakipelekwa bandari ya Montreal na kupakiwa makontenani kwa safari ya Afrika Magharibi na nchi za Ghuba, hata serikali ikaitisha mkutano wa taifa mwezi wa Februari 2024 kwa ajili ya jambo hilo peke yake. Uingereza nayo, iliyokuwa imejipongeza, ikaona hesabu yake ikipanda tena na kupita 120,000 kwa mwaka. Na iko tofauti ambayo nambari za jumla hazionyeshi: zamani gari liliibwa na baada ya siku chache likaonekana limeachwa kando ya barabara, na kwa sababu hiyo sheria ya Uingereza ya 1968 ina kifungu mbali kwa mtu atwaaye gari bila ruhusa asiwe na nia ya kulimiliki daima, lakini siku hizi gari liendalo huenda moja kwa moja.

Liendako hutegemea, kwa sehemu kubwa, usukani uko upande gani. Jambo hili ni sahali, na nashangaa kuwa halitajwi mara nyingi. Kenya, Uganda na Tanzania hupita kushoto, na usukani uko kulia, kama ilivyo Uingereza, Japani na Afrika ya Kusini. Kanada na Marekani zina usukani wa kushoto, sawa na Nigeria, Ghana na nchi za Ghuba. Kwa hivyo Range Rover ya London ina soko Kampala, na gari la Toronto lina soko Lagos, na si kwamba wezi wamegawiana dunia kwa mkataba. Mwizi wa Montreal hana shughuli na Kilindini, na sisi, tunapozisoma hesabu za wizi za Uingereza, twasoma kwa kiasi fulani habari za bandari yetu wenyewe. Gari moja la aina hiyo huandikwa mara tatu katika madaftari matatu: London huandikwa kuwa limeibwa, Mombasa huandikwa kuwa ni fanicha na mashuka, na mwisho wa safari, likifika salama, huandikwa kuwa limesajiliwa. Jedwali la mataifa hulijua daftari la kwanza tu.

Afrika ya Kusini yatufunza jambo jingine, nalo ni zito. Katikati ya miaka ya 1990 polisi wa huko walikuwa wakiandikisha wizi wa magari upatao laki moja kwa mwaka. Ilipofika 2022/23 walikuwa wakiandikisha kama 36,000. Atazamaye safu hiyo pekee atasema nchi imetulia. Lakini safu ya pili, ya magari yanyang'anywayo kwa silaha dereva akiwa ndani, ilishuka chini ya elfu kumi mwaka 2011/12, kisha ikapanda ikapita elfu ishirini. Gari ambalo haliwaki bila ufunguo humlazimisha mwizi amwendee mwenye ufunguo. Nchi zinazohesabu makosa haya mawili pamoja, na nchi zinazoyatenga, haziwezi kulinganishwa kabla ya kuulizwa zinafanyaje.

Kenya ni miongoni mwa zinazoyatenga. Kifungu cha 278A cha sheria ya jinai huadhibu wizi wa gari kwa kifungo cha miaka saba, na unyang'anyi wa kutumia nguvu una kifungu chake, chenye adhabu kali mno. Ripoti za polisi hufuata mgawanyo huo huo: gari lililonyang'anywa kwa bastola huhesabiwa katika kundi la unyang'anyi, ng'ombe walioibwa wana kundi lao peke yao, kama istahilivyo katika nchi ya wafugaji, na kundi la wizi wa magari huchanganya magari, pikipiki na vyombo vilivyong'olewa garini. Kundi hilo la mwisho, katika muongo wa 2010, lilikuwa likicheza kati ya makosa elfu moja na elfu mbili kwa mwaka kwa nchi nzima. Ukigawa hesabu hiyo kwa watu 47,564,296 wa sensa ya mwaka 2019, wapata chini ya makosa matano kwa kila watu laki moja, na hapo Kenya yakaa katika jedwali bega kwa bega na Japani.

Mwenye kuegesha gari lake usiku Majengo au Bondeni na aucheke ujirani huo. Sababu ya kwanza ni kwamba Mmarekani karibu kila mmoja ana gari, ilhali kwetu, hata ukijumlisha pikipiki zote, wenye chombo ni wachache, na asiye na gari hawezi kuibiwa gari. Kumgawanyia hesabu ya wizi mvuvi wa Bandari ya Kale na mfugaji wa Turkana ni kuipunguza bure. Uchunguzi wa kimataifa ulioanza mwaka 1989, uliowauliza watu majumbani mwao badala ya kuwauliza polisi, na ambao katika miaka ya 1990 ulifika Kampala na Dar es Salaam, ulikuwa na busara ya kuwahesabu wenye magari mbali, na naona hiyo ndiyo njia ya insafu. Sababu ya pili ni bima. Mwingereza aliyeibiwa hukimbilia polisi asubuhi ile ile, maana bila hati ya polisi hapati fidia. Lakini sheria yetu hulazimisha bima ya kuwafidia watu wengine tu, na mwenye bima hiyo ndogo, gari lake likipotea, hana cha kudai kwa kampuni. Kinachompeleka kituo cha polisi ni matumaini ya kulipata, na matumaini hayo si makubwa kwa kila mtu.

Sababu ya tatu ni daftari, na hapa Mombasa ina maneno ya kusema. Gari lililoibwa halina thamani kubwa mpaka lipate jina jipya, ama kwa kukatwakatwa na kuuzwa spea, ama kwa kupewa nambari na logibuku ya gari jingine lililokufa katika ajali. Basi anunuaye gari yadini na kutazama rangi na viti tu, asiilinganishe nambari ya chasisi iliyopigwa kwenye chuma na ile iliyoandikwa katika logibuku, wala asitafute habari za gari hilo katika daftari la NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ndiye mlipaji wa mwisho wa mwizi, na mara nyingi ndiye atakayeachwa mikono mitupu siku polisi watakapokuja na karatasi ya Interpol. Serikali ilitoa mwaka 2022 nambari mpya za magari zenye alama ngumu kuigwa, na wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki wana umoja wao, EAPCCO, tangu mwaka 1998, ambao umeuweka wizi wa magari katika mambo yake ya mwanzo, kwa kuwa gari liibwalo Mombasa usiku laweza kuwa limepita mpaka wa Lunga Lunga kabla mwenyewe hajaamka kuswali. Kazi ya umoja huo haina sauti kubwa, lakini naiona ina faida kuliko misako ya kupiga picha. Hata Lexus ile ya 2015 haikukamatwa na lango lo lote. Ilijifichua yenyewe kwa kidude chake, baada ya kupita forodha za nchi kadhaa.

Magari makubwa, hata hivyo, si kilio cha watu wengi kisiwani. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya VAT juu ya pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda zimejaa hadi mlango wa Fort Jesus, na kijana aliyekopa ili anunue moja hana imobilaiza, hana bima kubwa, na hana pa kuilaza usiku ila ukumbini. Chombo hiki majedwali ya mataifa aghalabu hukichanganya na vinginevyo, nacho ndicho kilichotoa ushahidi ulio wazi kuliko wote juu ya jambo ninalolishikilia. Ujerumani ya Magharibi ilipoanza mwaka 1980 kuwatoza faini papo hapo wapanda pikipiki wasiovaa kofia ngumu, ilikusudia kupunguza mauti ya barabarani. Lakini mwizi atokaye nyumbani aghalabu hachukui kofia, na akipanda pikipiki ya watu kichwa wazi hujitangaza kwa kila polisi ampitaye. Basi wizi wa pikipiki, uliokuwa ukipata 150,000 mwaka ule, ukaanguka hadi kama 54,000 mwaka 1986, wala waliokuwa wakiiba pikipiki hawakuhamia kwenye magari kwa kiasi cha kuziba pengo lile. Kenya nayo ina sheria ya kofia ngumu, imeandikwa vizuri kabisa. Lakini askari wa Mwembe Tayari atakaye kumtambua mwizi wa pikipiki kwa kichwa kitupu itambidi kwanza aikamate nusu ya steji, pamoja na abiria wao.